Cheti cha siku mbili kinatosha kumgusa mtu mwenye kiwewe?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkandaji, nimesomea masaji ya kawaida. Mara kadhaa nimekuwa namkanda mteja mgongo, ghafla anaanza kulia, nami nabaki nimeduwaa. Sasa nimeona tangazo la mafunzo ya siku mbili ya mguso wa tiba kwa watu wenye kiwewe, yaani walioachwa na jeraha la akilini na tukio baya, na mwishoni unapewa cheti cha utaalamu. Nijiunge? Mambo haya yana ukweli? Tena nina mdogo wangu wa kike aliyenusurika ajali, hadi leo hapandi gari. Nikihitimu naweza kuanza na yeye?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijiunge, hata kama ada ni ndogo. Kazi hii naifundisha wauguzi na wakandaji, na hizo siku mbili kwangu huishia kwenye jambo moja tu: namna ya kuomba ruhusa.

Kwanza waulize wenye tangazo wanafundisha mguso upi, maana kuna mafunzo ambayo mikono haigusi mwili kabisa. Yalianzishwa Marekani mwaka 1972 na Dolores Krieger, profesa wa uuguzi, pamoja na Dora Kunz, aliyejulikana kama mponyaji. Mtoa huduma hupitisha viganja sentimita chache juu ya mgonjwa, akisema anapanga upya nguvu zinazomzunguka. Msichana wa miaka 9, Emily Rosa, alibuni jaribio rahisi la kupima dai hilo: mtoa huduma aliingiza mikono yote miwili kupitia kizuizi kisichoonyesha upande wa pili, Emily akaweka kiganja chake karibu na mkono mmojawapo, kisha akauliza ni upi. Watoa huduma 21 walijaribu mara 280 na kupatia asilimia 44, pungufu ya mtu anayebahatisha tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Ukiambiwa utafundishwa kuhisi nguvu hizo, okoa fedha zako.

Mguso wenyewe, ngozi kwa ngozi, una msingi imara zaidi. Kwenye ngozi yenye vinyweleo tuna nyuzi za neva zinazoitikia mpapaso wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na kazi yake kubwa ni kuupa ubongo hisia ya utulivu. Lakini mtu aliyeumizwa kwa mikono ya mwenzake, mpapaso uleule unaweza kumrudisha kwenye tukio. Ndiyo maana sisemi kwamba mguso unatibu kiwewe. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2013, kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kiwewe lilitaja tiba za kisaikolojia, ikiwemo ile ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe na ile ya kusogeza macho huku mtu akikumbuka. Masaji haimo. Sisi ni wasaidizi wa tiba hizo, na usaidizi huo una thamani kubwa ukifanywa vizuri.

Mafunzo ninayoyaamini yanaanza watu wakiwa wamesimama. Mmoja anamwendea mwenzake taratibu, na yule anatakiwa kusema “simama” pale mwili wake unapoanza kukaza. Utashangaa wangapi wanashindwa kulitamka, wakandaji wazoefu wakiwemo! Ninarudia zoezi hilo mpaka kila mmoja aweze kusimamisha na kusimamishwa bila kununa. Kisha nafundisha macho. Mteja anakwambia “ni sawa, endelea,” huku vidole vya miguu vimejikunja, pumzi imeishia kifuani na macho yameganda darini. Huyo hajakuruhusu. Amejizoesha kuvumilia, na ukiendelea unamfundisha kwamba hata kwenye chumba cha tiba hana usemi.

Sasa, huyo anayelia kitandani kwako. Tuliza mikono, usiichomoe kwa ghafla kama uliyefumaniwa. Mwambie, “Naondoa mikono sasa,” kisha iondoe. Mfunike shuka. Muulize kama angependa kuketi, akanyage sakafu, akutajie vitu anavyoviona chumbani. Usimuulize ameyakumbuka nini! Akitaka kusema atasema. Wewe sikiliza, usichimbe. Akishatulia, yeye ndiye aamue kama mnaendelea au mnaishia hapo, na umpe njia ya kumfikia mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Hili unaweza kulianza kesho bila cheti chochote.

Chuo kizuri kitakuuliza maswali kabla ya kukupokea, hasa kuhusu majeraha yako mwenyewe. Kitakupa mazoezi chini ya msimamizi kwa miezi, si saa. Kitakuwa na kanuni za maadili zilizoandikwa: maeneo ya mwili yasiyoguswa, mteja kubaki na nguo zake akitaka, katazo la mapenzi kati ya mtaalamu na mteja, na mahali pa kupeleka malalamiko. Omba uzisome. Mwalimu akikasirika kwa ombi hilo, ondoka.

Kuhusu mdogo wako, hapana. Wewe ni dada yake, na dada hawezi kuwa mtaalamu wake. Hofu ya gari baada ya ajali ina tiba inayoeleweka: mwanasaikolojia humsogeza hatua kwa hatua, pengine aanze kwa kukaa tu ndani ya gari lililozimwa. Wewe mshike mkono, akikubali. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake waliwapima ubongo wanawake 16 waliokuwa wakisubiri shoti ndogo ya umeme. Waliposhikwa mkono na waume zao, ubongo ulipunguza ishara za tishio kuliko walipokuwa peke yao. Kwa hiyo muulize mwanasaikolojia wake kama unaweza kukaa naye kwenye hizo hatua za mwanzo, na muulize mdogo wako kama anakutaka pale.