Kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeogopa kupitwa na wakati

Mdogo wangu, umeuliza kama diploma yako ya uuguzi itakufaa wakati hospitali za Nairobi zinaacha faili za karatasi na kuingia kwenye kompyuta. Itakufaa, ila usingoje chuo kikupe kila kitu. Mimi nilihitimu nikijua kujaza chati kwa kalamu tu. Wiki ya kwanza wodini nilimwomba karani anionyeshe jinsi ya kutafuta jina la mgonjwa kwenye skrini. Aibu iliisha kwa siku mbili.

Kompyuta utaizoea. Kazi kubwa iko kwenye magonjwa yenyewe: presha na kisukari vinataka muuguzi wa kumfuatilia mgonjwa miaka, si siku tatu za kitandani. Kwa hiyo ukipelekwa mazoezi ya afya ya jamii, Kibera au Mathare, usiyafanye likizo (wengi wetu tuliyafanya). Ambatana na wahamasishaji wa afya nyumba kwa nyumba, uone kwa nini mama anameza nusu ya dawa alizoandikiwa.

Tena, tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, Oktoba 2024, wagonjwa huuliza malipo kabla ya dawa. Jua kuwajibu. Kuongeza shahada juu ya diploma kunaweza kungoja.