Kupanda jeti inayorudi tupu: ya kujua kabla hujatuma hela

Kila nikiweka picha ya jeti status watu wananifata inbox, nusu wanauliza hela nimeitoa wapi na nusu wanataka namba ya dalali. Hela sijaokota jamani, kodi ya nyumba hapa New Jersey inanibana kama inavyowabana nyie wengine. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwahiyo naandika hapa yote, na naanza na kitu ambacho wauzaji hawapendi kukitamka: ile ndege haiendi kwa ajili yako.

Iko hivi. Tajiri kakodi ndege imtoe Florida imlete New York. Ndege yenyewe kituo chake ni Florida, au kesho yake inasubiriwa kule na mteja mwingine, kwahiyo lazima irudi, mafuta yataungua tu na marubani watalipwa tu hata kama nyuma hamna mtu. Kampuni ikipata wa kulipa theluthi au nusu ya bei kwao ni afadhali kuliko kurudisha viti vitupu. Hiyo safari ya kurudi ndo wanaiita emti legi, na matangazo yanapiga kelele punguzo mpaka asilimia 75. Hilo neno "mpaka" lisome vizuri, bei nyingi nilizoziona mimi ziko kwenye nusu nusu, na nusu ya bei ya jeti bado ni mkwanja wa maana. Alafu bei ni ya ndege nzima. Ukipanda peke yako unalipa yote, mkipanda saba mnagawana saba, ndo maana hii kitu kwa watu kama sisi ni mchezo wa grupu. Sisi tuna grupu letu la WhatsApp la washkaji, wengi manesi na madereva wa malori ambao off zao wanazipanga wenyewe, na hiyo ndo siri kubwa kuliko hela, yani uwe na watu wanaoweza kuambiwa Jumanne jioni kwamba tunaondoka Alhamisi na wakasema sawa.

Sasa dili linapatikana wapi. Mnajua basi za Moshi mwezi wa 12, kupanda zimejaa mpaka watu wanagombana na kushuka Dar unachagua kiti, alafu Januari mambo yanageuka? Jeti za Marekani ziko hivyo hivyo. Wiki ya Thanksgiving (sikukuu yao ya shukrani mwezi wa 11), Krismasi, wiki ya Siku ya Marais mwezi wa 2, Pasaka, matajiri wa New York wote wanakimbilia Florida kwenye joto, ndege zinawashusha alafu zinarudi kaskazini tupu kuchukua wengine. Likizo ikiisha ndo kinyume, ndege zinashuka kusini tupu kwenda kuwafata. Kwahiyo mtu anayesema anataka emti legi ya kwenda Miami tarehe 23 Desemba hajaelewa biashara, siku hiyo kila ndege inayoenda kule ina mwenyewe. We nenda Miami tarehe 2 Januari wakati wao wanafunga mabegi warudi. Baridi ya New York bado ipo, bahari ya Florida bado ipo, hoteli nazo mara nyingi zinashuka bei likizo ikishaisha. Ukikaa na kalenda ya mambo yao utaona mengine kama hayo: mashindano ya gofu ya Augusta mwezi wa 4, mbio za farasi za Kentucky Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 5, Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, popote inapochezwa. Kabla ya shughuli ndege zinatoka tupu kwenye huo mji, baada ya shughuli zinaingia tupu. Huku kwetu njia yenye ndege nyingi ni Teterboro, uwanja wa jeti binafsi hapa New Jersey, kwenda Florida kwenye viwanja vya Opa-locka (pale Miami), Fort Lauderdale na Palm Beach, na wale wa magharibi wana Van Nuys (pale Los Angeles) na Las Vegas. Ulaya kipindi cha joto angalia Nice na Ibiza, ila pale London kwenda Nice mwenye paspoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen vilevile, jeti haina mlango wa nyuma wa uhamiaji, nasema hivi kwasababu kuna mtu aliniuliza kweli kabisa.

Bei inashuka kadri siku inavyokaribia, kuanzia siku tatu hivi kabla mpaka asubuhi yenyewe. Ukisubiri sana kuna mwingine anaichukua, kwahiyo mimi huwa siulizi "mwisho bei gani". Natuma ujumbe mfupi, tuko watu saba, mabegi madogo, tuko tayari kulipa leo, bajeti yetu ni hii. Dalali akiona hiyo anajua anaongea na mnunuzi sio mtalii wa apu anayeangalia bei tu. Uliza pia kama ndege inaweza kutua uwanja wa jirani, au kusogeza muda wa kuondoka masaa mawili mbele, kuna wakati wanakubali kwa nyongeza kidogo kwasababu wao wanachojali ni ndege iwe kwenye kituo chake kesho.

Haya, sasa ubaya wake. Tajiri akibadili ratiba, safari yako imekufa. Tuliwahi kupigiwa simu usiku, mabegi yako mlangoni, dalali anasema mteja wa kwanza kaamua kukaa siku mbili zaidi kwahiyo ndege haitembei, pole sana, na kweli hamna cha kumfanya, mkataba unasema hivyo. Hela ilirudi, ila haikurudi palepale, ilichukua siku za benki, na wenzetu wawili walikuwa wameshalipia hoteli isiyorudisha hela. Ndo maana kwenye grupu letu kuna sheria: hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna intavyuu ya viza kwa emti legi. Na kila mtu anashika tiketi ya akiba ya ndege ya kawaida kwa pointi za shirika la ndege, zile ambazo ukiifuta pointi zinarudi kwenye akaunti, unaifuta asubuhi ukishaona ndege yenu imefika kweli. Kabla ya kusaini soma sehemu mbili tu kama huna muda wa kusoma yote, kwanza wakighairi wao unarudishiwa yote au wanakata kitu, na pili ukighairi wewe, maana ukighairi wewe jibu karibu siku zote ni kwamba hela imeenda.

Alafu ni ya kwenda tu. Watu wanapiga hesabu ya kwenda wanasahau kwamba Jumapili watakuwa wamekaa Miami wanatafuta tiketi ya kurudi kama binadamu wengine. Weka hiyo kwenye hesabu toka mwanzo.

Tukiwa kwenye hesabu, ngoja niwaonyeshe invoisi inavyokuwa. Tuseme mmekubaliana dola 8,000. Juu yake serikali ya Marekani inaweka kodi ya asilimia 7.5, hiyo ni 600. Kuna ada ya dola tano na ushee kwa kila kichwa. Ukilipa kwa kadi wengi wanaongeza asilimia 3 au 4, kwahiyo kwa asilimia 3 weka kama 260 nyingine, ndo maana wazoefu wanatuma kwa benki, ila kutuma kwa benki kwa mtu usiyemjua ni hatari nyingine nakuja nayo. Jumla mko kwenye 8,900 hivi, gawa kwa saba ni kama 1,270 kila mmoja, kwenda tu. Hapo bado chakula kama mmeagiza, waifai kama ndege inatoza, na kama ni majira ya baridi kuna kitu cha kunyunyizia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu ambacho asubuhi ya theluji kinaweza kufika maelfu ya dola na ni juu yenu. Muulize dalali kwa maandishi: barafu nani analipa? Akikujibu kwa simu tu mwambie akuandikie. Sisi kati ya Desemba na Machi tunapendelea ndege inayoondoka mchana, asubuhi ndo mabawa yanakuwa na barafu ya usiku.

Kuhusu utapeli na ndege za vichochoroni, hapa naomba msome polepole. Marekani kampuni ya kukodisha ndege na rubani kwa umma lazima iwe na cheti cha Part 135, yani kibali cha kubeba abiria wa kukodi, kinachotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Kuna wenye ndege zao binafsi ambao hawana hicho cheti lakini wanabeba watu kwa hela, na bei zao zinavutia kweli. Dalili ya kwanza ni ile kodi ya asilimia 7.5, ukiona invoisi haina hiyo kodi usifurahi, jiulize kwanini haipo. Dalili ya pili wanakupa karatasi ya kusaini kwamba wewe ndo umeikodi ndege na wewe ndo mwenye mamlaka ya safari, maana yake ikitokea ajali au ukaguzi wa serikali wewe ndo unahesabika mwendeshaji wa ndege, na bima inaweza ikakataa kulipa. Dalali sio mwenye ndege, na tangu 2019 kanuni za wizara ya usafirishaji zinamtaka akuambie jina la kampuni inayorusha. Kwahiyo omba jina la kampuni, na namba ya usajili iliyoandikwa mkiani, inaanza na N, alafu uitafute kwenye tovuti ya FAA, na kampuni uitafute kama ina cheti. Uliza pia kama wamekaguliwa na ARGUS au Wyvern, hao ndo wakaguzi wa usalama ambao biashara nzima inawajua. Dalali anayekwambia namba ya ndege utaipata ukishalipa, mwache na ndege yake.

Na nyie mnaotaka kuwa wajanja, mkodi ndege alafu mtangaze viti Facebook kila kiti dola 1,500, msifanye. Kugawana gharama na washkaji mnaosafiri wote ni kitu kingine, kuuzia umma viti ni biashara ya usafiri wa anga na ina vibali vyake. Asiye na grupu aangalie kampuni ya JSX, wana ndege za viti 30 zinazoondokea kwenye temino ndogo za binafsi, unanunua kiti kimoja, hamna foleni ndefu, na ratiba ipo kama ya ndege ya kawaida.

Siku yenyewe ya safari ni nyepesi mno. Teterboro iko kama kilomita 19 kutoka katikati ya Manhattan, haina ndege za abiria za kawaida kabisa, unaingia kwenye jengo dogo ambalo wao wanaita FBO, kuna kahawa na kochi na dada wa mapokezi anauliza namba ya ndege badala ya jina lako. Fika dakika 20 au 30 kabla. Majina kamili na tarehe za kuzaliwa mnakuwa mmeshatuma, rubani mwenyewe anakuja kuangalia vitambulisho na kubeba mabegi, na hapo ndo wabongo tunaumbuka, mtu kaja na sanduku gumu la kilo 23 kama anaenda Dar kupeleka zawadi. Kwenye jeti ndogo kama Citation CJ3 mizigo inakaa puani na mkiani, vijimlango vidogo, rubani aliliangalia lile sanduku akaligeuza hivi akaligeuza vile mwisho akatoa nguo zikaingia kwenye mifuko laini na sanduku likabaki kwa dada wa mapokezi. Choo nacho kwenye hizo ndogo ni cha dharura, kimlango chembamba na mwenzako kakaa mita moja mbele, ukiweza malizia FBO. Na msichelewe. Marubani wana saa zao za kazi kisheria, zamu kwa kawaida haipiti saa 14, na kule waendako kuna mteja aliyelipa bei kamili anasubiri. Kati yako na yeye wanajua wa kumchagua.

Wa nyumbani mnaouliza kama Bongo zipo, zipo ila nyingi sio jeti, ni Caravan, zile ndege ndogo za pangaboi moja. Kuanzia mwezi wa 7 mpaka wa 10 watalii wamejaa Serengeti, ndege zinapeleka watu Seronera na Kogatende na kuna siku zinarudi Arusha au Zanzibar na viti vitupu, au zinaenda tupu kuwafata. Kenya ni hivyo hivyo kati ya uwanja wa Wilson wa Nairobi na Mara, na Wilson na Lamu. Kwenye apu za wazungu huzioni sana, unapiga simu ofisi ya kampuni pale Kisongo (uwanja wa Arusha) au Terminal One Dar, unaongea na wale wa ratiba sio wa mauzo, unawaachia namba na tarehe unazoweza. Mabegi laini, kilo 15 ndo kipimo cha kawaida, na viwanja vingi vya porini havina taa kwahiyo ikifika jioni hamna kuondoka. Angalia pia usajili, ndege ya Tanzania inaanza na 5H na ya Kenya 5Y, na ya 5Y kwa kawaida hairuhusiwi kukutoa Seronera kukupeleka Zanzibar bila kibali maalum, ukiambiwa inawezekana omba uone kibali kabla hujatuma chochote.