Ramani yangu inasema kisiwa ni salama, wenyeji wanasema kinaliwa

Swali: Nimechora ramani ya hatari ya mmomonyoko wa udongo kwenye kisiwa cha mtoni kwa mlinganyo wa RUSLE. Karibu kisiwa kizima kimetoka kijani, yaani hatari ndogo, ilhali wenyeji wanapoteza mashamba kila mwaka. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hesabu iko sawa, ila RUSLE haijibu swali hilo. Inakadiria udongo unaochukuliwa na maji ya mvua yanayotiririka juu ya shamba, na kisiwa cha mtoni ni tambarare. Kijani lazima itoke. Tena kama ulitumia data za miinuko za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani, vimiteremko vingi unavyoviona humo ni vilele vya miti.

Mto hula kutoka chini. Ukingo mara nyingi una tope lililoshikamana juu na mchanga mlaini chini yake. Mkondo hufukua mchanga, tope likabaki linaning'inia, kisha huporomoka bonge zima. Maporomoko mengi huja mafuriko yanaposhuka: udongo umelowa, ni mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka.

Basi fuatilia mstari wa ukingo. Chukua picha za setilaiti za Landsat tangu miaka ya 1980 na za Sentinel-2 tangu 2015, utenganishe maji na nchi kavu kwa NDWI, kipimo cha maji kinachokokotolewa kutoka rangi za picha. Hapa ndipo wengi huteleza (nami nimewahi): picha ziwe za kiangazi zote, na kina cha mto kikaribiane. Maji yakipanda mita 1 tu, fungu la mchanga huzama nawe ukaandika kwamba limeliwa. Mimi hufuata mpaka wa mimea, si wa mchanga mtupu. Na kwa pikseli ya Landsat ya mita 30, badiliko la mita 20 usilitangaze.

Kisha kata mistari ya kupimia kila mita 100 kuzunguka kisiwa. Ukingo uliorudi nyuma mita 120 kwa miaka 10 una wastani wa mita 12 kwa mwaka, lakini usiiambie familia iliyo mita 60 kutoka majini kwamba ina miaka 5. Mto hutulia misimu kadhaa, ukaja kumeza kwa wiki moja. Gawa vipindi pia. Kule Majuli, kisiwa kwenye mto Brahmaputra nchini India, tetemeko la 1950 lilijaza mto mashapo na kuubadilisha tabia. Wastani unaochanganya kabla na baada ya mwaka huo haukufai.

Ramani ya RUSLE ibakize kwa mashamba ya ndani. Kwenye kingo, iweke chini ya ramani mpya ya mstari wa ukingo.