Maswali ya Wasomaji: Michirizi ya kijivu ndani ya rivolva ndogo ya .22

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina rivolva ndogo ya .22, mtutu wake mfupi wa inchi 2 tu, naimiliki kihalali na natumia kupigia shabaha. Mwanzo ilikuwa inapiga vizuri sana ila sasa hivi nikishamaliza risasi kama 200 naona matundu yanatawanyika kwenye karatasi, mengine yamekaa marefu kiubavu kama vile risasi imeingia imelala, na nikichungulia mtutu naona michirizi ya kijivu inang'aa. Nimepitisha dawa na vitambaa mpaka vinatoka vyeupe lakini michirizi ipo palepale. Halafu maganda siku hizi yanang'ang'ania, nasukuma kitoleo mpaka kidole kinauma. Mtutu ndo umeisha?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na mtutu haujaisha, tulia. Hiyo michirizi ni risasi, namaanisha madini yenyewe. Lugha yetu hapa ina neno moja tu kwa kitu unachopiga na kwa madini kilichotengenezwa nayo, kwahiyo kwenye jibu hili nikisema madini ujue nazungumzia kile kilichobaki kimeganda ndani, na nikisema kichwa ni ile ncha inayoruka kwenda kwenye shabaha.

Kitambaa kutoka cheupe sio ushahidi kwamba mtutu ni msafi, hapo ndo wengi wanapojidanganya. Dawa ya kusafishia silaha inalegeza masizi ya baruti na nta, madini haiyawezi, yenyewe yamejipaka kwenye chuma kama rangi ukutani na kitambaa kinapita juu yake kinateleza. Yanajaza ile mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa, kichwa kinakosa cha kushika, kinatoka hakijazunguka sawasawa na ndo maana kinafika kwenye karatasi kimelala.

Sasa kwanini rivolva inasumbuka kuliko bunduki ndefu inayokula risasi zilezile? Kichwa cha .22 LR, ile risasi ndefu ya kawaida ya .22, ni madini laini, mara nyingi hakina hata ngozi ya shaba, na kilainisho chake ni nta iliyopakwa kwa nje. Kwenye bunduki kinatoka kwenye ganda kinaingia mtutuni moja kwa moja. Kwenye rivolva kinatoka kwenye chemba, yaani tundu mojawapo la silinda, lile gurudumu linalobeba risasi, kinavuka uwazi mdogo ambao kwa kawaida ni kama milimita 0.1 mpaka 0.2, ndo kinaingia mtutuni kupitia ile sehemu ya nyuma iliyopanuliwa kama faneli, mi naiita koo. Pale kwenye kuvuka, moshi wa moto unakipita pembeni na kukiunguza, na madini haya yanayeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, na kama chemba haijatazamana sawasawa na koo basi ukingo wa koo unakimenya kichwa ubavuni. Kwahiyo ukichungulia anza na koo, mdomo wa mtutu utauangalia baadaye.

Kabla hujagusa chochote toa risasi zote, angalia chemba moja baada ya nyingine kwa macho na kwa kidole, na boksi la risasi lipeleke chumba kingine kabisa. Hili silirudii kwa mazoea, ajali nyingi za kusafisha silaha zinatokana na silaha ambayo mwenyewe alikuwa na uhakika kwamba ni tupu.

Kama silinda yako inachomoka, ichomoe. Lowesha koo na mtutu kwa dawa halafu iache dakika 15. Chukua brashi ya bronzi ya .22, bora iliyochakaa kidogo, izungushie nyuzi chache za shaba tupu zile za kusugulia masufuria, kiasi tu cha kuifanya ibane inapoingia. Ila kwanza zipime kwa sumaku, zikinata maana yake ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba na kitakukwaruzia mtutu, usizitumie. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu na ngumu kuliko madini, ndo siri yote ya kazi hii, inakwangua kinachotakiwa kutoka na kinachotakiwa kubaki inakiacha.

Kwenye rivolva huwezi kuingiza fimbo kwa nyuma, fremu inazuia, inabidi uingilie mdomoni. Hapo uwe mpole sana. Ishike fimbo katikati isisugue ukingo wa mdomo, maana ule ukingo ndo kitu cha mwisho kugusa kichwa kinapotoka na ukiliwa upande mmoja shabaha imeondoka na hakuna brashi itakayoirudisha. Sukuma mpaka brashi itokeze yote upande wa pili ndo urudishe, usigeuze ikiwa katikati. Weka kitambaa nyuma yake ili ncha isigonge fremu. Baada ya mara 10 au 15 pitisha kitambaa cheupe, utaona vipande vidogo vinang'aa kama magamba ya samaki, hayo ndo madini. Rudia mpaka magamba yaishe, kisha angalia tena koo kwa tochi.

Maganda kung'ang'ania ni tatizo la chemba. Nta na masizi vinajijenga mle, na kama huwa unapiga na zile .22 fupi ndo zaidi, maana ganda lake linaishia nyuma kidogo na linaacha pete ya uchafu pale ambapo ganda refu linatakiwa kukaa. Brashi na dawa ileile kwa kila chemba, usiruke hata moja. Chini ya ile nyota ya kitoleo pita na mswaki wa zamani, punje moja ikikaa pale silinda inagoma kufunga au inazunguka kwa kukwama.

Zile pete nyeusi mbele ya silinda ziache, haziathiri chochote, watu wanaharibu silaha nzuri kwa kutaka ing'ae tu. Ila kama madini yamejijenga pale mpaka yanasuguana na mtutu yakwangue kwa kipande cha shaba, bisibisi hapana. Vile vitambaa vya njano vyenye dawa ya kuondoa madini vinafaa kwa chuma kisichoshika kutu, kwenye chuma kilichotiwa rangi nyeusi inayoelekea bluu vitaondoka na rangi yenyewe. Na kama fremu ni ya aluminiamu kaa mbali na dawa yenye amonia. Ukimaliza paka mafuta kiduchu, na kabla ya kwenda kupiga zikaushe chemba na mtutu.

Kuna jambo moja nataka ulifuatilie. Ukishasafisha, hesabu risasi. Kama madini yanarudi kwa nguvu kabla hujafika 50, kusafisha sio dawa, kuna kitu kinayaleta. Madini yakiwa yamelundikana upande mmoja wa koo, silinda haitulii mahali pake, na hapo mara nyingi utakuta silaha inatema vipande kwa pembeni, acha kuitumia uipeleke kwa fundi wa silaha apitishe fimbo ya kupimia kutoka mtutuni mpaka kwenye kila chemba. Yakiwa yamezunguka koo lote, huenda koo lina mikwaruzo ya kiwandani na fundi anaweza kulilainisha, hiyo usijaribu mwenyewe. Kama yote hayo yapo sawa badilisha aina ya risasi, chukua zenye ngozi nyembamba ya shaba, tofauti utaiona.

SWALI: Fundi mi sio mpigaji, mume wangu ndo mpigaji, na anasafishia bastola yake kwenye meza tunayolia chakula. Tuna mtoto anatambaa. Nikisema naambiwa nina wasiwasi. Je nakosea?

JIBU: Hujakosea dada, na ningependa mumeo asome hapa. Madini ya risasi ni sumu, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mtoto mdogo anayanyonya mara 4 mpaka 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Sio vile vipande vinavyoonekana tu, kiwashio kilichopo kwenye ukingo wa ganda la kawaida la .22 nacho kina madini hayohayo, kwahiyo hata yale masizi meusi yanayo. Yanadondoka mezani, yanafika sakafuni, mtoto anapita na viganja halafu viganja vinaenda mdomoni.

Ahamie sehemu isiyo na chakula wala mtoto, atandike magazeti ya kutupa, avae glavu, asile wala kuvuta sigara wakati anafanya kazi hiyo. Meza na sakafu zifutwe kwa kitambaa kibichi, ufagio mkavu unayarusha tu hewani. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya baridi, na nguo na viatu alivyovaa kwenye shabaha visikae na vya mtoto. Kwa kuwa hili limeendelea kwa muda, mpeleke mtoto akapimwe damu, ni kipimo cha kawaida na daktari ukimweleza sababu atakuelewa.

SWALI: Kuna jamaa kaniambia nichanganye siki na haidrojeni peroksaidi niloweke mtutu, madini yanayeyuka yenyewe bila kusugua. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli yanayeyuka, na ndo maana nakuomba usifanye. Yanageuka kuwa chumvi inayoyeyuka kwenye maji, sumu kali kuliko ile uliyokuwa nayo, unayo sasa kwenye kikombe, kwenye vidole na kwenye sinki, na hakuna mahali sahihi pa kuimwaga nyumbani. Mchanganyiko huohuo unakula rangi ya chuma, na ukiusahau dakika chache unaanza kula chuma chenyewe. Nyuzi za shaba na dakika 20 za mkono wako zinatosha. Kama ulishafanya, usimwage chochote, funga kwenye chupa, andika juu yake ni nini, weka mbali na watoto na uwaulize wanaopokea taka za sumu.