Uliza Ujibiwe: Tukija Bagamoyo kuangalia nyumba za zamani tuanzie wapi?

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi na baba watoto tunakaa Morogoro na likizo hii tunataka kuwapeleka wanetu Bagamoyo waone zile nyumba za zamani za Mji Mkongwe. Sasa shemeji yangu alishaenda, anasema hamna kitu kule, magofu na jua tu, nusu saa mshamaliza. Ni kweli? Na zile nyumba mtu anaruhusiwa kuingia ndani au unaishia kupiga picha nje?
Mama wa Watatu, Morogoro

JIBU: Mama, shemeji yako wala hajadanganya, ila nahisi alipita na gari. Ukipita na gari utaona ukuta uliobanduka, gofu limeota mti katikati, ukuta mwingine uliobanduka, halafu bahari, basi safari imeisha. Mji Mkongwe ni wa kutembea kwa miguu, tena asubuhi, maana jua la kule likishapanda na watoto wakianza kudai juisi hamtaona chochote.

Kwanza njia: msihangaike kwenda kuzungukia Dar na foleni zake. Mkifika Chalinze shikeni barabara ya Segera mpaka Msata, pale mnakata kulia, ni lami mpaka Bagamoyo.

Anzieni Caravan Serai, ndiyo ilikuwa kambi ya misafara, wapagazi wakifika hoi wametembea na pembe za ndovu begani kutoka Tabora na Ujiji huko, mizigo inapokelewa halafu inavushwa na majahazi kwenda Unguja. Mkishaelewa hilo ndiyo mtaelewa hela ya kujengea nyumba zote hizi ilitoka wapi, pamoja na watu waliouzwa, na hilo msiwafiche watoto. Kutoka pale teremkeni taratibu na Mtaa wa India. Mtaikuta Ngome Kongwe, ambayo mwaka 1860 ilijengwa kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, Wajerumani wakaja kuitumia kama ngome, baadaye ikawa jela mpaka miaka ya 1970. Na Boma la Wajerumani la 1897, jengo kubwa utadhani makao makuu ya nchi, kumbe makao makuu yalishahamia Dar tangu 1891! Waongozaji wengine watawapa na hadithi ya handaki la siri chini ya Ngome, nyie sikilizeni tu, ni tamu, ila msiibebe yote kama ilivyo.

Sasa kuingia ndani. Makumbusho na Ngome mnaingia, mnalipa ofisini na mnadai risiti. Nyumba zingine ni za watu mama, watu wanaishi mle, wanapika, wameanika nguo, sio maonyesho. Ile baraza ya mawe mlangoni ukimkuta mzee amekaa, shikamoo kwanza, salamu zikiisha ndiyo unaomba kupiga picha mlango wake, na mara nyingi atakusimulia mwenyewe habari ambazo hakuna mwongozaji anazo. Lakini ukifika na simu umeshainua na dada wa watu yuko na kanga moja anaosha vyombo, ukisemwa usije kulalamika kwangu. Ijumaa mchana pumzikeni, watu wako msikitini.

Na milango msiikimbie, chagueni mmoja tu muusimamie. Angalieni ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili, unaitwa mfaa, umechongwa kuanzia juu mpaka chini. Fuateni fremu kwa macho mtaona maua, mtaona minyororo. Ile yenye vichwa vikubwa vya misumari ya shaba ni mtindo wa Kihindi. Halafu tafuteni mahali plasta imedondoka muone jiwe lenyewe, lina vitundu vitundu kwa sababu ni tumbawe, wanangu mimi waling'ang'ania hapo kuliko makumbusho yote.

Muwaonyeshe pia jengo la shule la ghorofa ambalo Sewa Haji alilitoa mwaka 1896. Huyu alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya India, mzaliwa wa Bagamoyo hapo hapo, na ndiye yule wa wodi ya Sewahaji pale Muhimbili. Mkimaliza shukeni kwenye mnada wa samaki ufukweni mle samaki wa kukaanga.

SWALI: Anti, eti Livingstone kazikwa Bagamoyo? Tumebishana sana bwenini.
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Hapana. Mwili wake ulilala tu kwenye misheni ya Bagamoyo Februari 1874, baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Ukavushwa Unguja, ukaenda kuzikwa Westminster Abbey, London. Aliyesema Bagamoyo awanunulie soda.

SWALI: Babu ametuachia nyumba ya mawe Mji Mkongwe Bagamoyo. Kuta zinaliwa na chumvi chini, fundi anasema tubandue yote tupige plasta ya sementi ikae kisasa. Wajomba wameshakubali, mimi roho inasita. Nifanyeje?
Mjukuu, Tanga

JIBU: Mdogo wangu, sita hivyo hivyo. Nyumba hizi zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaopanda kutoka chini unatokea kwa nje. Ukiuvika sementi ule unyevu haupati pa kutokea, unapanda juu zaidi, chumvi inasukuma plasta kutoka ndani, baada ya muda inabanduka mapande mapande na mawe inaondoka nayo. Hapo fundi anaitwa tena, analipwa tena.

Tafuteni fundi anayejua chokaa, na wapo wazee wa ukanda huu wanaoijua kazi. Kabla ya ukuta mtengeneze paa na maji ya mvua yaelekezwe mbali na msingi, nusu ya ugonjwa inatoka hapo. Mkague na boriti za dari pale zinapoingia ukutani, ndipo zinapoanza kuoza, hata kama katikati zinaonekana nzima. Hizo boriti za mikoko ndizo zilizofanya vyumba vya babu viwe vyembamba na virefu, kwa hiyo wajomba wakianza habari za kuvunja ukuta wapate sebule kubwa waulizeni dari itashikwa na nini.

Na kabla hata jiwe moja halijaguswa nendeni ofisi inayosimamia mambo ya kale pale pale Bagamoyo, nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi, mtaambiwa kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi. Uende na mjomba mkubwa, asikie mwenyewe.