Kuondoa Rangi ya Zamani Kwenye Kibati cha Utambulisho cha Gari: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayeanza kukarabati magari ya zamani hukuta mara nyingi kibati cha utambulisho kimefunikwa na rangi, kwa sababu aliyepaka gari upya hakujisumbua kukiziba kwa karatasi. Kabla ya kushika kemikali yoyote, fahamu kwamba kibati hicho huweza kuwa kimebeba namba ya chasisi, na sheria za nchi nyingi huhesabu kufuta au kubadilisha namba hiyo kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo msasa, brashi ya waya na mashine ya kupulizia mchanga havina nafasi katika kazi hii. Namba zilizogongwa kwa kina kidogo hupotea upesi, na hata zikisalia, mikwaruzo inayozizunguka humfanya mkaguzi ashuku kwamba zimechezewa.

Piga picha kwanza, ukimulika taa kutoka ubavuni ili vivuli vidhihirishe maandishi yaliyo chini ya rangi. Kisafishe kibati kikiwa palepale kilipo kila inapowezekana, kwani ribiti za kiwandani zikishang'olewa, itakuwa vigumu kumthibitishia mtu kwamba kibati na gari havijawahi kutengana.

Hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa ndiyo kazi yenyewe, ni kujua kibati kimetengenezwa kwa metali gani na maandishi yake yaliwekwaje. Kostiki soda, ambayo mafundi huisifu kwa kuvua rangi kwenye chuma, hula alumini na zinki na kutoa gesi ya hidrojeni inayoweza kuwaka. Kibati cha alumini kikiachwa humo hurudi kikiwa na vishimo. Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida, lakini haitakusaidia kutofautisha alumini, zinki na shaba ya njano, hivyo chunguza ukingo au upande wa nyuma usioonekana.

Kuhusu maandishi, namba zilizogongwa kwa nyundo na mhuri ndizo zinazovumilia zaidi, kwa kuwa zimo ndani ya metali. Yale yaliyochimbwa kwa asidi na kujazwa rangi yatabaki na umbo lake hata rangi ikitoka, nawe utaweza kuijaza tena. Hatari kubwa iko kwenye vibati vilivyochapishwa wino juu tu, ambavyo asetoni huweza kuviacha vitupu kwa mfuto mmoja, na kwenye alumini ambayo rangi yake imenyweshwa ndani ya tabaka la oksaidi (ngozi ngumu iliyo juu ya metali yenyewe), kwani tabaka hilo huyeyushwa na kostiki soda na rangi huondoka nalo. Kibati kimoja huweza kuwa na namba za kugongwa pamoja na nembo ya kuchapishwa, kwa hiyo usikihukumu kwa kuangalia kona moja.

Kinachokusaidia ni kwamba rangi ya kiwandani mara nyingi iliokwa kwa joto, ilhali iliyopakwa baadaye kwa brashi ilikauka hewani na hulainika mapema zaidi. Anza na maji ya moto yenye sabuni, kisha spiriti, kisha tapentaini, na ufikie thina au asetoni pale tu vilivyotangulia viliposhindwa. Jaribu kila kimoja pembeni. Lowesha pamba, ilaze juu ya rangi, ifunike kwa plastiki ili isikauke, halafu inua rangi iliyolainika kwa kijiti cha mti bila kusugua. Itazame pamba kila mara: ikianza kuonyesha rangi ya asili ya kibati, acha hapo hapo. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 nayo hulainisha rangi taratibu, lakini DOT 5, ambayo msingi wake ni silikoni, haifanyi hivyo.

Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutozikwangua zikiwa kavu wala kuzichoma kwa bunduki ya joto. Asetoni huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na glovu za nitrile haziihimili kwa muda mrefu. Zile za mpira wa butyl ni bora zaidi. Viondoa rangi vyenye dikloromethani nisingempa anayeanza: mvuke wake umeua watu katika vyumba vilivyofungwa, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watumiaji wa kawaida.

Rangi ngeni ikibaki kidogo kwenye pembe za herufi, binafsi huiacha. Mahali palipochimbwa na kupoteza rangi, paka rangi mpya ya enameli, kisha ifute juu ya herufi zilizoinuka kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kipande kigumu cha kadi, kikiwa kimeloweshwa tapentaini kidogo tu. Ikishakauka kabisa, pitisha nta nyembamba badala ya vanishi, kwa kuwa vanishi nyingi hugeuka manjano na kuiondoa kutahitaji vimumunyisho vilevile vinavyotishia maandishi.