Mwanangu, gitaa huimba, chupa hutembea

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza kama inafaa baba yenu, na miaka yake 71, kuanza tena kupiga gitaa kwenye matanga na harusi, na kama umnunulie gitaa la umeme na spika zake au umkataze kabisa. Nakujibu kwa Kiswahili ili na wanao huko Mombasa wasome.

Yalianza usiku wa kukesha kwa mwenzake, yule aliyekuwa akimpigia gitaa la pili, mliyemwita Baba Mdogo. Kijana mmoja alikuwa na gitaa kavu, anaparaza tu. Baba yenu akamwomba, akafunga penseli kwenye shingo ya gitaa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama zamani, akapiga mpaka jogoo. Vidole viwili tu: gumba linashika besi, cha shahada kinachuma nyuzi za juu. Omutibo wenyewe, mtindo wa mpiga gitaa George Mukabi wa Kisa, huku kwetu Magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963 wakati baba yenu bado anachunga ng'ombe. Zaidi ya miaka thelathini hakuwa amelishika gitaa, na gumba halikupotea njia hata mara moja.

Mimi nilikuwa na wanawake upande wa jikoni. Nikaona mkono wangu wa kulia unakwenda wenyewe juu ya goti.

Sasa nikuulize mimi. Nyote mnajua baba yenu alirekodi santuri Nairobi mwaka 1978, ile iliyokaa sebuleni mpaka kaka yako akaikanyaga. Chupa mle ndani, ile inayokwaruzwa kwa msumari kushika mwendo wa wimbo, alipiga nani? Hakuna kati yenu aliyewahi kuuliza.

Hapa nyumbani nilipiga mimi. Chupa ya Fanta ya zamani, ile yenye mistari mistari kifuani, na msumari wa inchi nne. Usiku, ninyi hamjazaliwa bado, yeye anatunga na mimi nakwaruza. Wimbo wa Mto Yala ulikuwa na ubeti wa tatu mrefu kupita kiasi. Kila tukifika pale chupa inajikwaa. Nikamwambia, maneno haya hayatembei. Akayakata, wimbo ukanyooka. Kwa hiyo nasema siku zote, gitaa huimba, chupa hutembea. Gitaa bila chupa ni kama mtu aliyesimama njiani anahutubia.

Tulipanda basi kwenda Nairobi sote, kaka yako ana miezi minne, mgongoni. Studio ilikuwa juu ghorofani, River Road. Mwenye studio akaniangalia, akamwangalia mtoto, akasema mama atangoja nje, mtoto asije akaharibu mkanda. Akamwita kijana aliyekuwa anafunga maboksi kwenye korido. Mimi mwenyewe nikampa yule kijana chupa yangu na msumari wangu. Nikakaa kwenye ngazi.

Mlango ulikuwa mwembamba, nilisikia kila kitu. Kijana alikuwa na mbio. Ubeti wa tatu, ule ule, akaingia kabla ya wakati, na hivyo ndivyo ulivyokaa kwenye santuri.

Baba yenu hakusema neno. Aliangalia nyuzi zake.

Na angesema nini? Nauli ilikuwa pesa ya mahindi, mwenye studio ametupa saa moja, nje kuna wengine wanangoja. Tena mtoto alikuwa analia. Hapana, hakuwa analia. Alilala muda wote ule. Nakumbuka uzito wake, kichwa chake kimeniegemea hapa chini ya shingo.

Mwaka 1991 jirani zetu wa hapa Bunyore, Abana Ba Nasery, walikwenda kupiga muziki Uingereza. Shem Tube na Justo Osala kwa magitaa, Enos Okola kwa chupa ya Fanta. Habari ilinikuta shambani. Nilicheka peke yangu na jembe mkononi: chupa imepanda ndege! Nilifurahi kweli, na mpaka leo nawafurahia. Lakini jioni ile nilikaa muda mrefu bila kuwasha taa, baba yenu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nimechoka.

Unaandika kwamba umri huu watu hawarudi. Waulize wazee wa huko Pwani unakoishi kuhusu Fundi Konde, mwanamuziki wa zamani. Aliweka gitaa kando miaka mingi, akarudi uzeeni, akaingia studio na bendi ya Them Mushrooms. Kwa hiyo umri uuache. Kinachonikosesha usingizi si umri wake.

Najua utaniuliza, kwani Baba alikosea siku ile? Nimeandika jibu hapa, nikalikata, unaona mwenyewe wino. Mtu wa miaka ishirini na minne mbele ya mwenye mashine. Lakini kugeuza kichwa tu, aniangalie! Basi, niishie hapo. Barua hii ataisoma yeye kabla sijaifunga, na ninataka aisome.

Gitaa la umeme usinunue, litaifunika chupa. Tuma nyuzi za chuma, seti mbili, maana ule wa kwanza hukatika upesi. Na ukifika soko la Kongowea, waulize wauza chupa kama wanayo Fanta ya kioo ya zamani, yenye mistari. Hizi za plastiki hazina sauti, na ile yangu haikurudi kutoka River Road. Ifunge vizuri kwenye nguo, itafika.

Desemba atapiga kwenye harusi hapa Luanda, Bunyore. Jana, tukila, ameniambia nikae karibu naye siku hiyo, upande wa kulia. Hajasema kwa nini, nami sijamuuliza.

Mama yako